Simu inafundisha mkono kupiga ngoma, lakini nani atafundisha sikio?

Katika mitaa mingi ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, kijana anayetaka kujua kupiga batri hasubiri tena mwalimu. Anatafuta simu, anatafuta mega, kisha anakaa kwenye pembe ya nyumba na kumfuata mtu asiyemjua, anayesema Kifaransa au Kiingereza kutoka Ulaya au Amerika, akimwonyesha namna ya kushika vijiti. Wazee wa kwaya hawafurahii jambo hilo. Wanasema ngoma haijifunzwi kwenye kioo. Vijana nao wanajibu kwamba wazee hao hao ndio waliowafungia mlango.

Mabishano haya yanasikika makanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, na hata ndani ya familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita. Ni vema yasemwe wazi, kwa sababu kila upande una sehemu ya ukweli, na kwa sababu anayepoteza katika ugomvi huu si mzee wala simu. Ni mtoto aliye katikati.

Batri inayosemwa hapa ni ule mkusanyiko wa ngoma unaopigwa na mtu mmoja akiwa amekaa: groskesi ya kupigwa kwa mguu wa kulia, kesi-klere yenye nyuzi za chuma chini yake, ngoma mbili tatu za kati, sharle inayofunguliwa na kufungwa kwa mguu wa kushoto, na simbali za juu. Huku mashariki mwa Kongo chombo hicho kinapatikana hasa mahali pawili: kanisani au katika okestra. Familia yenye batri yake nyumbani ni nadra sana. Kwa hiyo tangu zamani, swali la kwanza la mtoto mwenye hamu ya ngoma halikuwa kama ana kipaji. Lilikuwa: nani ana ufunguo wa chumba cha vyombo?

Shule ya nyuma ya mpigaji

Waliojifunza kabla ya simu wanaijua njia hiyo vizuri. Mtoto alianza kwa kubeba. Alibeba simbali kutoka nyumba ya mzee wa kanisa hadi kanisani, akapanga viti, akafagia. Halafu akaruhusiwa kukaa nyuma ya mpigaji. Pale nyuma alipiga magoti yake kwa vidole, polepole, asionekane, akifuata kila kitu mpigaji alichofanya. Hiyo ilichukua mwaka mmoja, mara nyingine miwili. Siku moja mpigaji alikuwa na msiba, au alisafiri, au alichelewa kwa mvua, na kwaya ilikuwa imekwisha simama. Ndipo mtu alimwambia yule mtoto: keti, piga.

Njia hiyo ilikuwa na utajiri ambao wengi wanausahau. Mtoto hakujifunza ngoma peke yake. Alijifunza ngoma ndani ya watu. Alijua namna mama wa sauti ya kwanza anavyovuta pumzi kabla ya kuanza wimbo. Alijua ni wakati gani wachezaji wamechoka na mdundo upungue, na wakati gani mchungaji akiinua mkono kila chombo kinyamaze. Hakuna aliyemwandikia mambo hayo. Aliyapata kwa kuwa alikuwa pale kila juma.

Lakini njia hiyo ilikuwa pia na ukali wake, na wazee hawapendi kuukumbuka. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na watoto wake na wapwa wake. Mtoto wa familia isiyojulikana alifagia miaka bila kuitwa. Msichana aliambiwa kwamba kazi yake ni kuimba, si kukaa na miguu imeachana mbele ya watu. Mtoto wa kanisa jingine hakuingia kabisa. Na walikuwapo wapigaji waliojua mengi lakini walificha, wakihofu kwamba mwanafunzi akikomaa atachukua kiti chao. Mtoto aliuliza, "Papa, pale mkono ulipita wapi?" akajibiwa, "Angalia tu." Ukiangalia kwa nyuma, mikono huioni.

Ndiyo sababu simu ilipofika ilipokelewa kama mvua baada ya kiangazi kirefu.

Mambo ambayo simu imeleta kweli

YouTube ilianza mwaka 2005, lakini kwa kijana wa Ndosho au wa Kadutu haikuwa na maana mpaka simu kubwa zilipoanza kupatikana kwa bei ya chini na mtandao ukafika mitaani. Katika miaka hiyo hiyo, walimu wa ngoma wa nchi za mbali waliona kwamba wanaweza kufundisha maelfu ya watu bila kutoka chumbani. Yakazaliwa mashule ya ngoma ya mtandaoni, kama Drumeo ya Kanada, ambayo sehemu ya masomo yake hutolewa bure, na mengine kwa malipo ya kila mwezi.

Masomo hayo yalileta kwanza mpangilio. Katika shule za ngoma za Ulaya na Marekani, mazoezi ya mikono yana majina na utaratibu wa siku nyingi. Chama cha wapigaji cha Marekani, Percussive Arts Society, kina orodha ya mazoezi 40 ya msingi. Mojawapo linajulikana duniani kote: kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Ukilirudia polepole kila siku, mkono wa kushoto, ambao kwa wengi ni mvivu, unaamka. Wapigaji wengi wazuri wa hapa walifikia uwezo huo kwa miaka ya kubahatisha, bila mtu kuwaambia jina la kitu wanachokitafuta.

Tena kamera inawekwa juu ya kichwa cha mwalimu na nyingine karibu na miguu, na mwanafunzi anaona kitu ambacho yule aliyekaa nyuma ya mpigaji hakukiona kamwe. Asipoelewa, anarudisha. Akirudisha mara hamsini, mwalimu hakasiriki. Anaweza pia kupunguza mwendo wa video hadi nusu au hata robo, akaona pigo moja moja linavyotoka.

Kubwa zaidi ni kwamba masomo hayo yanaonyesha wazi kuwa mtu anaweza kuanza bila batri. Walimu wa mtandaoni wenyewe wanapiga juu ya kipande cha mpira. Vijana wa hapa walielewa haraka. Kipande cha gurudumu la gari kilichopigiliwa misumari juu ya ubao, kandambili la zamani juu ya kiti, bidoni la njano lililopinduliwa: hiyo ni shule tosha kwa miezi sita ya kwanza. Na hakina kelele ya kuudhi jirani.

Upande wa pesa, mambo si rahisi. Video yenye picha safi inaweza kula zaidi ya gigabaiti moja kwa saa, na kwa familia nyingi hiyo ni pesa ya unga. Lakini vijana wamepata ujanja wao. Mmoja anapakua video kwa picha ya chini, ambayo inakula kidogo sana. Kisha anawapa wengine kwa blutufi au kwa kadi memori, na somo moja lililolipiwa mara moja linapita simu kumi. Wanachangia pia pesa ya kuchaji kwa yule mwenye grupu au sahani ya jua.

Batri haibebwi kichwani

Kwa familia zilizohama, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu anayekimbia vita anabeba godoro, sufuria na mtoto. Batri ya kanisa inabaki, na mara nyingi haikutwi tena. Ngoma za kijiji zinabaki. Mwalimu anakimbilia upande mmoja, mwanafunzi upande mwingine.

Wale waliokaa Kanyaruchinya, Bulengo au Lushagala wanakumbuka kwamba katikati ya hema hakukukosekana muziki. Kulikuwa na makanisa ya miti na turubai, kulikuwa na kwaya, kulikuwa na watoto wanaopiga bidoni kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Halafu Februari 2025 kambi za kuzunguka Goma zilivunjwa na watu wakatawanyika. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru na kukuta nyumba bila mabati. Wengine wanaishi kwa familia pokezi mjini. Wengine walivuka mipaka, wakafika Burundi au Uganda. Vikundi vilivyokuwa vimeanza kushikamana vilikwisha kwa siku chache.

Katika mtawanyiko huo, mwalimu pekee aliyeweza kumfuata mtoto ni yule aliye ndani ya kadi memori. Mzee anayedharau simu inafaa afikirie jambo hilo kabla ya kusema. Kijana wa miaka kumi na tano aliyepoteza shule, kanisa na marafiki, akiwa na zoezi moja la mkono wa kushoto la kumaliza leo na jingine la kesho, ana sababu ya kuamka. Huku kwetu kila mzazi anajua ni nani wanaotafuta vijana wasio na sababu ya kuamka, na wanawapeleka wapi.

Wapo watakaosema: watu wana njaa, hawana maji, hawana mahali pa kulala, na mtu anazungumza ngoma? Ni kweli kwamba ngoma haipiki chakula. Lakini hakuna aliyewahi kuwaambia watoto wa kambi wapige bidoni, na walipiga. Hakuna aliyewalipa kwaya zilizoimba kwenye matanga ndani ya kambi, na ziliimba. Watu waliopoteza karibu kila kitu waliona wenyewe kwamba hicho hawawezi kukiacha. Kuwasaidia wakifanye vizuri hakunyang'anyi mtu yeyote gunia lake la unga.

Na wasichana je? Simu imewafanyia kitu ambacho vikao vingi vya kanisa havikufanya. Msichana anaweza kujifunza nyumbani bila kuomba ruhusa, na siku anapojitokeza tayari anajua. Katika nchi jirani jambo hili limepata majibu tofauti. Burundi, ambayo ngoma zake za kifalme ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, ilitoa agizo mwaka 2017 lililokataza wanawake kuzipiga. Rwanda, tangu 2004, kuna kikundi cha wanawake wapiga ngoma kiitwacho Ingoma Nshya, kilichoanzishwa na Odile Gakire Katese, na kimezunguka nchi nyingi. Kwetu hakuna sheria inayomkataza msichana kukaa kwenye batri. Kuna maneno ya watu tu, na maneno yanaweza kubadilika.

Simu haisikii

Hata hivyo wazee hawakosei wanaposema kuna kitu kimepunguka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwalimu wa mtandaoni anasema, lakini hasikii. Mwanafunzi akikaza kiganja mpaka kinauma, hakuna anayemwambia legeza. Akiongeza mwendo bila kujua, hakuna anayemrudisha. Akikosea kwa miezi mitatu, kosa linakuwa tabia, na tabia ya mkono ni ngumu kuiondoa kuliko kuiweka. Vijana wengi wanaoacha ngoma wakisema hawana kipaji walihitaji tu mtu wa kuwagusa bega mara moja na kusema: hapa, punguza.

Kasoro ya pili inaonekana siku kwaya inapoingia katika seben. Masomo mengi ya mtandaoni yaliyopangwa hatua kwa hatua yanafundisha roki, jazi, au gospeli ya Marekani. Humo mwanafunzi anahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kesi-klere inajibu kwenye mbili na nne. Ni msingi mzuri, lakini si msingi wa hapa. Muziki wa Kongo uligeuzwa miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Meridjo Belobi, mpiga batri wa Zaïko Langa Langa, alipoleta mdundo wa cavacha. Humo kesi-klere haingojei mbili na nne. Inakimbia na mapigo yaliyokatwakatwa, na hesabu ya mwanafunzi haiyakuti pale inapoyatafuta. Inasimuliwa kwamba mdundo huo ulitokana na mlio wa treni. Tangu hapo umepigwa Kinshasa, Lubumbashi, Nairobi na Dar es Salaam, na leo hakuna arusi ya huku inayokwisha bila ndugu zake kupigwa.

Sasa angalia kinachotokea. Kijana aliyefundishwa na simu anakaa kwenye batri ya kanisa. Mikono yake ni myepesi kuliko ya mpigaji wa zamani, anazungusha ngoma zote kwa mara moja, watoto wanashangaa. Gita linaingia seben. Yeye anapiga mbili na nne. Wamama walioanza kucheza wanatafuta mguu uende wapi, hawaoni. Baada ya dakika moja wanarudi kukaa. Kijana anafikiri hawakumpenda. Wao wanafikiri ana majivuno. Kumbe alichokosa ni kitu kidogo ambacho mpigaji wa zamani angemwonyesha kwa nusu saa, kama wangekuwa wanaongea.

Zipo pia ngoma ambazo video haziwezi kuzifikisha hata picha ikiwa safi namna gani. Lokole ya upande wa Kisangani ni gogo lililochimbwa, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Walokele waliitumia kupeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji kando ya mto, kwa sababu lugha yao yenyewe ina sauti za juu na za chini, na gogo linazifuata. Maneno mengi yana sauti zinazofanana, ndiyo maana ngoma haitaji neno moja. Inataja msemo mzima mrefu, ili msikilizaji wa mbali asichanganye. John Carrington, mmisionari aliyekaa Yakusu, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Mtu anaweza kutazama mikono ya mpiga lokole siku nzima. Asipojua lugha na misemo yake, amejifunza kugonga mti.

Kiswahili chenyewe kinasema jambo hili kwa neno moja. Ngoma ni chombo. Ngoma ni mchezo wenyewe wa kucheza. Ngoma ni pia ule mkutano wa watu, ndiyo sababu mtu husema "leo kuna ngoma kwa fulani". Simu inafundisha ya kwanza vizuri sana. Hizo mbili nyingine zinahitaji watu.

Kwa nini midundo ya kwetu haiko humo

Kuna lawama moja ambayo haimfai mtu yeyote wa Kanada wala wa Ufaransa. Kijana akitafuta somo la roki, analipata kwa lugha kumi. Akitafuta somo la polepole la mdundo wa Wahunde, wa Wanande, wa Washi, wa Wabembe au wa Wafuliiru, linaloonyesha mkono wa kulia unafanya nini na wa kushoto nini, anapata zaidi video za sherehe zilizopigwa kwa mbali, kelele nyingi, mikono haionekani. Walimu wa mbali wamefundisha walichonacho. Wa kwetu hawajafundisha cha kwetu.

Na muda unakwenda. Mzee aliyejua ngoma ya mavuno ya kilima chake, leo analala sebuleni kwa mtu mjini, mbali na vijana wa kijiji chake. Hakuna anayemwuliza. Akifa, mdundo unakwenda naye, na hakuna kambi wala shirika litakaloandika hasara hiyo kwenye ripoti. Mara nyingi mjukuu wake amekaa hatua tatu kutoka kwake, akiwa na simu mkononi, akijifunza ngoma ya Marekani. Hao wawili wana kila kitu kinachohitajika. Kinachokosekana ni mmoja kuanza kusema.

Simu inayopokea inaweza pia kutoa. Kazi ya kurekodi haihitaji mradi wala wafadhili. Inahitaji utaratibu kidogo. Mzee apige kwanza polepole kabisa, kisha kwa mwendo wa kawaida. Simu iwekwe juu, mikono yote miwili ionekane. Halafu mtu arekodi miguu ya anayecheza, kwa sababu mdundo bila mguu ni nusu. Mzee ataje kwa sauti yake jina la mdundo, kilima ulikotoka, na unapigwa wakati gani: kuzaliwa, mavuno, arusi, au matanga. Sauti peke yake inatosha pia kama nafasi ya simu ni ndogo. Na nakala isibaki kwenye simu moja, kwa kuwa simu zinaibwa na zinaanguka.

Kuna mipaka ya kuheshimu. Katika maeneo ya maziwa makuu ngoma ni alama ya ufalme, na zipo ngoma za mwami ambazo si za kila mkono. Zipo nyingine za mambo ya jadi, kama ya Bwami kwa Walega, ambayo si ya kuonyeshwa kila mtu. Mzee akisema hii hapana, ni hapana. Tena kwa hali ya usalama ilivyo, nyuso za watoto na mahali wanapoishi familia zilizohama visitolewe hadharani. Mikono inatosha.

Yanayoweza kuanza juma hili

Viongozi wa makanisa wana batri ambazo zinalala kimya siku tano au sita kila juma. Saa mbili za Jumamosi zinatosha. Ufunguo uwe na watu wawili badala ya mmoja. Orodha iandikwe ukutani, kila mtoto dakika zake, na waliohama waandikwe kama wakaaji, wasichana kama wavulana. Chombo hakiharibiki kwa kupigwa na mtoto anayesimamiwa. Kinaharibika kwa panya na unyevu.

Wapigaji wa zamani hawaombwi kushindana na simu. Mazoezi ya mikono wayaachie simu, ambayo ina subira kuliko wao. Wao wachukue kile simu isichoweza: kumsikiliza mtoto, kumrekebisha bega na kiganja, kumweka katikati ya gita na waimbaji, kumwonyesha seben inaingia wapi na inatoka vipi. Nusu saa kwa juma kwa watoto watatu au wanne. Mzee anayefanya hivyo hapotezi kiti chake. Anapata watu wa kumpokea siku ana homa.

Vijana nao wana deni. Asiyejua kupiga polepole hajui bado kupiga haraka. Kabla ya kutafuta video ya tano ya mizunguko ya ajabu, mtu akae na wamama wa kwaya mazoezi matatu, asipige chochote, asikilize tu. Na masikio yalindwe: kipande cha pamba hakitoshi mbele ya simbali za chumba kidogo, lakini kupiga kwa nguvu ndogo na kupumzika katikati kunasaidia. Sikio likikwisha kuharibika halirudi.

Wazazi, na hasa familia pokezi ambazo nyumba zao zimejaa watu, wana haki ya kuchoka na kelele. Kwa hiyo wapatane saa. Mpira wa gurudumu mchana, kimya wakati wa usiku. Lakini kumnyang'anya mtoto vijiti na kuvitia motoni ni kupata utulivu wa siku moja kwa bei kubwa.

Vituo vya redio vya mitaa navyo vina nafasi ambayo mtandao hauna. Redio haiombi mega. Inafika Minova, inafika Kitchanga, inafika ndani ya hema. Dakika kumi na tano kwa juma zinatosha: mpigaji mmoja anapiga mdundo mmoja polepole, anaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka mkono gani unaanza, na watoto wanamfuata juu ya bidoni popote walipo. Mzee mmoja aliyehama anaweza kualikwa juma linalofuata, apige wa kwao na ataje jina lake. Mtoto wa kilima kile, popote alipotupwa na vita, atautambua.

Simu haitaondoka, na hakuna sababu ya kutaka iondoke. Imempa mtoto asiye na mjomba kanisani nafasi ambayo hakuwa nayo. Sasa wale wenye funguo, wenye midundo na wenye maikrofoni wana kazi yao iliyobaki, na Jumamosi iko karibu.